Ng'ambo ya Maporomoko

Tangu theluji ya mwisho iyeyuke, Saloma Mast hakutulia. Alianza kukanda unga wa tambi, akauacha mezani, akaenda dirishani, akarudi, akakuta unga umekauka juu, akaufokea kana kwamba kosa ni la unga. Akienda bandani kuokota mayai alirudi na kikapu kitupu. Mumewe, Enos, alivumilia kwa muda, halafu asubuhi moja akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," alisema Saloma. "Nataka kwenda Niagara."

Enos alikuwa anakunywa kahawa. Aliendelea kuinywa. Yeye ndiye shemasi wa kanisa letu, na shemasi mzuri hujifunza kutojibu upesi.

Kwenda Niagara si dhambi. Kila kiangazi watu wetu wa Middlefield hukodi gari la Mwingereza, maana Waingereza ndivyo tunavyowaita wote wasio wa kwetu, hata wale ambao babu zao walitoka Poland. Sisi hatumiliki magari, na farasi wetu hawafiki huko. Watu hao wanakwenda kutazama maji yanavyoanguka, wanapitia mji wa Buffalo kula na kushangaa majengo, kisha wanarudi na la kusimulia hadi Krismasi. Saloma mwenyewe alishapelekwa zamani, angali msichana, akarudi akasema maji ni maji tu. Kwa hiyo Enos alijua fika kwamba safari hii si ya maji.

Alichokitaka Saloma kilikuwa ng'ambo ya maji. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Ada, jambo la nadra kwetu ambako nyumba bila watoto saba huonekana haijakamilika. Ada akaolewa Ontario, huko Kanada, na kijana wa kanisa kama hili letu. Wakati ule haikuwa tabu. Pale kwenye daraja la mpakani waliuliza cheti cha kuzaliwa, wakakupungia mkono upite, na Ada alikuja nyumbani kila baada ya mavuno. Kisha serikali ikabadilisha sheria, ikataka pasipoti. Pasipoti inataka picha, na sisi picha hatupigi wala hatupigwi. Amri ya Mungu juu ya sanamu tunaichukua kama ilivyoandikwa. Mtu akipigwa picha kwa hiari yake hufuatwa nyumbani aonywe, na anayetumwa kumwonya ni shemasi. Ni Enos huyohuyo wa kahawa.

Mara ya mwisho Saloma kumwona Ada, alikuwa amempakata mwanawe wa kwanza, Menno, bado ananyonya. Sasa Menno alikuwa anakwenda shule, na nyuma yake walikuwa wamezaliwa Orpha, Lizzie na Tobe. Barua zilikuja kila wiki, ndefu na nzuri. Zilisema Orpha ana pengo, Lizzie ni mkaidi, Tobe ana masikio. Masikio ya namna gani? Ada hakusema. Mabibi wa Kiingereza hubandika nyuso za wajukuu wao kwenye mlango wa jokofu, wakifuata maziwa wanaziona. Saloma alikuwa na majina manne tu. Kanisani aliwakodolea macho watoto wa wenzake mpaka mama zao wakaanza kuwavuta karibu.

Ndipo mwezi wa Aprili, theluji ikiisha, ikaja barua. Ada aliandika kwamba majirani zake wanakodi gari kwenda kwenye maporomoko, Alhamisi ya pili ya Julai, wafike upande wa Kanada. "Tutasimama kwenye vyuma vya ukingoni, mkabala na maji ya upande wenu, saa sita mchana," aliandika. "Mama, na wewe njoo usimame huko kwenu."

Asubuhi ile, kahawa ilipoisha, Enos aliisoma tena barua ile, akaikunja vizuri.

"Mvumilivu hula mbivu, Mama Ada. Labda sheria itabadilika."

"Mbivu zangu zinaozea mtini, Baba Ada."

Saloma akatoka nje, akaenda kwenye kibanda cha simu mwisho wa shamba, akampigia Darlene.

Darlene alikuwa dereva wa basi la shule mpaka alipostaafu. Sasa anatuendesha sisi, na amekaa nasi kiasi cha kujua nani hasemezani na nani, akapanga viti vya gari kwa mujibu wa ugomvi. Alikubali tarehe ile papo hapo. Lakini alikuwa na neno.

"Mama Ada, lile korongo ni pana. Mtu wa ng'ambo unamwona mdogo kama punje ya mchele."

"Punje ya mchele nitaitazama."

"Sikiliza. Simu yangu ina jicho kali. Nitawavuta karibu, niwapige mara moja tu, nikuonyeshe, halafu nifute. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," alisema Saloma, akakata simu.

Alijibu upesi kwa sababu angesita kidogo angekubali. Wazo lile lilimkaa kichwani mchana kutwa, likamfuata bustanini na kwenye kamba ya nguo, na mke wa shemasi akajionea aibu kwa jinsi alivyokuwa akilikaribisha.

Kilichomwokoa ni ndege mmoja aliyekuwa akipita juu ya kamba ile ya nguo. Picha tumekatazwa, darubini hatujakatazwa, na watu wetu wengi wana kichaa cha kutazama ndege. Mkuu wa vichaa hao ni Abner Kauffman, mshona hatamu, kapera, mwenye darubini ndefu ya miguu mitatu iliyotengenezwa Ujerumani. Ukisimama kwake unamwona mwewe wa shamba la tatu akipepesa jicho. Punje ya mchele si kitu kwa mashine ile.

Saloma alichukua pai ya cheri, akafunga farasi kwenye gari la kukokotwa, akaenda. Abner aliionja pai, akaisifu, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Pai nzuri sana," alisema. "Darubini haitoki."

"Nitaibeba kama yai, Abner."

"Si wewe, Saloma. Mwaka juzi mumeo alikaa kwenye kiti hichohicho akaniambia kitu hiki ni kiburi, eti kwa bei yake ningepata farasi. Nikasimama mbele ya kanisa, nikakiri kiburi changu, watu wote wakinitazama viatu. Leo kiburi kinatakiwa Niagara?" Akajikatia kipande cha pili. "Mwosha naye huoshwa. Aje mwenyewe aniombe."

Wakati wa chakula cha jioni Saloma alimwambia Enos yote, hata lile la mwosha. Enos aliweka kijiko chini.

"Siwezi," alisema. "Leo nikiomba nilichokikemea jana, kesho nitamwonya nani?"

"Sijakuomba uonye mtu. Nimekuomba uazime darubini."

"Ni kitu kilekile, Mama Ada."

Saloma alimkasirikia. Hakujifanya kwamba ni huzuni, ilikuwa hasira, tena juu ya mtu aliyempenda tangu ujana. Siku zilizofuata aliosha madirisha yaliyokuwa safi. Alihamisha mitungi ya pichi kutoka rafu ya juu kwenda ya chini, kisha akairudisha juu. Alimpikia Enos kila alichokipenda na hakumtazama akila. Juni ikaisha hivyo.

Wakati huo wasafiri wenyewe walikuwa wakipanga, na mipango ya watu kumi na watano ni vita. Walikusanyika uani kwa Saloma, Darlene akakunjua ramani juu ya boneti ya gari lake. Aliyeshika usemi alikuwa Malinda, dada yake Enos, wifi yake Saloma, mwanamke mnene mcheshi ambaye wajukuu wake wote wanaishi njia ileile moja, na kila unapopita kwake kuna mmoja anang'ang'ania sketi yake. Malinda alitaka Buffalo kwanza.

"Pale sokoni ukichelewa soseji nzuri zimekwisha," alisema. "Tule, tuone mji, ndipo twende kwenye maji. Maji yale hayahami, wifi."

"Maji hayahami, wifi. Watu ndio huondoka."

"Na ukifika mapema ndiyo utaona nini? Utatazama kitone cheusi nusu saa, unalia, 'Orpha wangu, Orpha wangu,' kumbe ni pipa la taka."

Watu walicheka, na Saloma naye akacheka kwa kuwa alishikwa hapo hadharani. Lakini mikono yake ilikuwa imeukunja ukingo wa ramani mpaka ukachanika. Darlene aliuona.

"Maporomoko kwanza, Buffalo baadaye," alisema Darlene. "Anayetaka soseji kabla ya maji aende na farasi wake."

Jumatano, siku moja kabla ya safari, Enos alifunga farasi baada ya chakula cha mchana bila kusema anakwenda wapi. Alirudi magurudumu yakienda taratibu kuliko kawaida. Kando yake kwenye kiti palikuwa na sanduku refu jeusi, amelizungushia blanketi la farasi. Saloma alikuwa mlangoni.

"Amesema usiguse kioo kwa kidole," alisema Enos.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia nilikosea."

Akamkabidhi sanduku, akaenda kukamua. Kesho yake hakusafiri. Alisema ng'ombe hawajui Niagara ni nini, na Saloma hakumbishia. Hasira yote ilikuwa imemtoka, na mahali pake pakaingia kitu kizito zaidi, kwa sababu alijua neno lile limemgharimu nini mumewe na kwamba Jumapili Abner atakuwa amelisambaza.

Njia nzima alikaa na sanduku magotini. Walipita mji wa Erie, ziwa likiwa upande wa kushoto, watu wakipitishiana mayai ya siki na jibini, yeye hakula. Kila Darlene alipopunguza mwendo aliinua kichwa. Malinda, aliyekuwa kiti cha nyuma, alimwambia apumue, kwa kuwa gari haliendi kwa kubana pumzi.

Walifika mapema, na hawakuona kitu. Upepo ulikuwa umeyasukuma manyunyu yote ndani ya korongo, na ng'ambo yote ilikuwa nyeupe. Ngurumo ilisikika mpaka miguuni. Saloma alisimamisha darubini kwenye vyuma kama Abner alivyoagiza, akainama, akaweka jicho, akaona weupe. Saa sita ikafika, ikapita. Wenzake walitazama maji, wakalowana, wengine wakaenda kutafuta vyoo. Yeye hakunyanyua kichwa.

"Labda wao wanatuona sisi," alisema Malinda, ambaye huruma ilikuwa imemshika ingawa hakutaka ionekane. Alichomoa kitambaa cheupe cha meza kwenye kikapu cha chakula, akakikung'uta makombo, akasimama hatua chache pembeni na kuanza kukipunga juu ya kichwa.

Kisha upepo ukageuka. Kwenye kioo Saloma aliona mwanamume aliyevaa koti jekundu la mvua akila, akaona mwavuli, akaona kofia nyeusi. Chini ya kofia alikuwa Ada, amenenepa, amechoka, anacheka. Saloma akashusha darubini kidogo.

Walikuwa pale wote wanne. Menno alifinya macho juani, sura ya babu yake Enos kabisa. Orpha alikuwa na lile pengo. Lizzie alinuna huku akipunga, kama aliyelazimishwa. Tobe alikuwa kiunoni kwa mama yake, na masikio yake yalikuwa yametokeza pande mbili, mekundu, jua likipenya ndani yake. Walikuwa karibu kiasi kwamba Saloma alifungua mdomo kuwaita.

Walikuwa wakipunga mikono yote, wakiruka. Ila hawakuwa wakimtazama yeye. Macho yao yalipita pembeni kidogo, na ilimchukua muda kuelewa. Yeye alikuwa ameinama nyuma ya miguu ya darubini, nguo nyeusi kwenye vyuma vyeusi. Mwanamke waliyemwona ni yule mwenye kitambaa cheupe.

"Wamekuona, wifi," alisema Saloma.

"Mimi?" Malinda akashusha mkono. "Wamenionaje mimi?"

Ng'ambo mikono ya wote wanne ikashuka. Orpha akageuka kumwuliza mama yake kitu, na kwenye kioo ukabaki mgongo wake na utepe wa kofia.

"Usishushe."

Malinda aliangalia ng'ambo, akaangalia kitambaa, na maskini akaelewa.

"Saloma, hao wanadhani mimi ndiye bibi yao. Njoo ukishike wewe. Fanya haraka, ukungu ule unarudi. Wakuone japo mara moja."

Ulikuwa unarudi kweli. Kwa upande wa kulia weupe ulishaanza kumla yule mtu wa koti jekundu. Saloma alijua kwamba akinyanyuka akakishika kitambaa, wale watoto watamwona, watamkumbuka, na watakapokuwa wazee watasema tulimwona bibi yetu akitupungia. Na yeye atakuwa ametazama punje nne za mchele. Hapakuwa na muda wa yote mawili.

Hakunyanyua kichwa.

"Punga, wifi," alisema.

"Saloma."

"Punga. Punga unavyowapungia wa kwako."

Malinda akaigeukia ng'ambo. Alikiinua kitambaa kwa mikono miwili, juu kadiri alivyoweza, akapunga. Na ng'ambo Orpha akageuka tena, na zile nyuso nne zikamchekea Malinda.