Anayegonga Chini ya Sakafu

Yule fundi mwashi walimwita Zege, kwa kazi yake na kwa ubishi wake, maana akishaganda hageuki. Alipoona mawimbi yanamega ua wake, alijenga ukuta wa mawe kutoka mlangoni pake hadi ndani ya maji, kama mkono ulionyooshwa. Mchanga ukajaa upande wake, ufukwe ukawa mpana. Akatamba, nani kama yeye?

Lakini mchanga, jamani, ni msafiri. Mto huushusha kutoka milimani, kisha mawimbi yanayopiga kiubavu huusogeza punje kwa punje, ua hadi ua. Ukimfungia msafiri njia, wa mbele yako hapati kitu. Na wa mbele alikuwa dada yake Zege, mjane, nyumba ya pili.

Ufukwe wa dada ukabaki mwamba mtupu, maji yakapenya chini ya msingi. Mchana mmoja maji yamejaa, Zege kaja kumtembelea, kitu kikagonga chini ya chumba cha kulala. Ngo, ngo. Kimya. Ngo.

"Ni shemeji yako," dada alisema, akimmiminia chai. "Tangu afe hajanitembelea. Sasa maji yakijaa tu, huyo."

Zege akacheka, chai ikamkwama. Mlio ulitoka chini ya kitanda alichofia shemeji. Aliweka kiganja sakafuni. Saruji aliyoimwaga mwenyewe ilitetemeka.

"Dada, hamia kwangu. Hii itaanguka."

"Na mgeni nimwachie nani?"

Toka hapo mlio ukamfuata Zege. Akipiga plasta kazini, ngo. Akinawa mikono nyumbani kwake pakavu, ngo. Mkewe hakusikia kitu. Mwisho Zege akachukua nyundo, akaanza kuubomoa ukuta wake.

"Baba watoto, umerogwa? Maji yakirudi tutalala wapi?"

"Tutalala macho."

Mchanga ukahama taratibu. Ua wa Zege ukaliwa hadi karibu na kizingiti. Kwa dada, msingi ukafunikwa kidogo kidogo, mawimbi yakawa yanavunjikia mbali. Nyumba ikasimama.

Zege akaenda kupokea shukrani. Akamkuta dada kalala kifudifudi chumbani, sikio kwenye saruji.

"Dada!"

"Nyamaza." Hakuinuka. "Umemfukia, mdogo wangu. Umemfukia mara ya pili."

Zege akapiga magoti, akatega sikio kando yake. Hakukuwa na kitu. Akakunja ngumi, akagonga sakafu mara mbili, wakangoja.