Bafta ya Milango Mipya

Nacheka nikiwasimulia, lakini siku ile nilitamani nichimbe shimo hapo hapo Tabora nijifukie. Ilikuwa enzi za Ujamaa, na mimi nilikuwa nakarabati nyumba. Mke wangu Mwajuma alikwenda Kigwa kwa dada yake aliyejifungua, nami nikataka akirudi akute milango mipya ya mninga na madirisha ya vioo, vitu alivyoviomba tangu nimuoe (na mimi kila mwaka nasema mwakani).

Milango ikafungwa, ikapigwa vanishi, inang'aa. Fundi akaniambia kesho anapaka chokaa ukutani, nifunike kila kitu, tone moja likikaukia kwenye vanishi basi tena. Nikafikiria magunia, nikaona yatakwaruza. Nikaenda duka la ushirika kuomba bafta.

Sasa vitambaa siku zile vilikuwa vya shida, foleni imefika barabarani, na bafta ilikuwa inawekwa akiba kwa ajili ya sanda. Hilo nilikuwa nalijua kama mnavyolijua nyinyi, ila kichwani mwangu mlikuwa na milango tu. Muuza duka aliponisikia akanitazama kwa huruma, akawaambia watu, "Mpisheni mwenzenu." Wakanipisha wote, mmoja akanishika bega. Nikashangaa, nikajiambia watu wa Tabora wana adabu kweli, nikachukua bafta yangu nikaondoka bila kuuliza.

Asubuhi nikafunika milango na madirisha yote kwa nguo nyeupe, nikatoa viti na vitanda uani, nikatandika mikeka barazani niweke vyombo, kisha nikaenda kuoga. Natoka bafuni, baraza imejaa wanaume wenye kofia, wamekaa kimya, na uani wanawake wameshawasha moto wanasonga ugali kwenye sufuria zisizo zangu. Nikasalimia, wakaitikia kwa sauti ya chini. Nani kafa? Kuuliza nikaona aibu, maana msiba uko kwangu na mwenyewe siujui, nikakaa mkekani kama wengine.

Balozi wetu wa nyumba kumi akanisogelea. "Jikaze, ndugu yangu. Mwili unaletwa kwa treni, au mnazika huko huko Kigwa?"

Kigwa! Nikajua balozi kapata simu ya maandishi na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa. Nililia, jamani, mwanamume mzima na taulo shingoni, naita, "Mwajuma, milango yako hukuiona!" na watu wakazidi kuamini, kwa sababu mwenye msiba mwenyewe analia.

Tuko katika hali hiyo, Mwajuma akatokea njia ya stesheni na kikapu kichwani na kuku mkononi. Akaona bafta, mikeka, wanaume. Kikapu kikaanguka, kuku akakimbia, naye akapiga yowe, "Mume wangu jamani, nilimwacha mzima!" Mimi nikainuka. Tukabaki tunatazamana, machozi yanatutoka wote wawili, na balozi anageuza shingo huku na huku akitafuta maiti ni yupi.

Hapo fundi akaingia na ndoo na brashi. Akaupita umati mpaka mlangoni, akakagua kitambaa, akasema, "Umefunika vizuri, Bwana Hamisi. Chokaa haitapenya hapa."

Baraza ikageuka yote kunitazama. Wengine walicheka, wengine walikasirika kwelikweli, na balozi akaamuru ugali uliwe kwani ulishaiva. Nilipita kwa kila mmoja kuomba radhi, na hakuna aliyenirahisishia.

Mwajuma alinifuata nyuma ya nyumba. "Kumbe ungenililia hivyo?"

"Vumbi la chokaa tu liliniingia machoni," nikasema.

Fundi akadakia toka ukutani, "Chokaa sijaikoroga bado."

Tangu siku hiyo, nikiingia dukani, hata nikitaka kiberiti, nasema kwanza kwamba nyumbani wote wazima.