Jodari Asiye na Jicho

Mwanangu Loay alipelekwa Hawaii kusomea mambo ya bahari, akarudi mvuvi. Ndivyo baba yake, Harub, anavyowaambia watu. Ukweli ni kuwa masomo aliyamaliza, kisha akapata kazi huko kwenye boti ya jodari. Nahodha wake, mzee wa Kijapani, akamfundisha kumchapa samaki kwenye kitambaa, yaani kumpaka wino mpaka umbo lake libaki hapo.

Alikuja nyumbani Khuwair kwa likizo. Nikawa namtazama anavyokula, anavyolala, simu anazotoka nje kuzipokea. Nilitaka kitu kimoja tu: abaki. Kazi ilikuwapo bandarini Matrah, si mbali na kwetu, kwenye boti za watalii, wanangoja jibu lake. Kila nikimuuliza ananijibu, "Ntaona, mama."

Alhamisi moja alitoka baharini na rafiki yake, akarudi na jodari mrefu kama mtoto wa shule. Kwetu samaki akiingia hukatwa hapo hapo, majirani wakapelekewa vyao. Loay akaniomba nisimguse. Akamwosha ute kwa chumvi, akamfuta mpaka akakauka, akayasimamisha mapezi kwa pini, akampaka wino wa ngisi, ambao unalika, ili tuweze kumla baadaye. Akamfunika kitambaa cheupe, akawa anampapasa kwa viganja, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Alipokiinua, samaki mzima alikuwa juu ya kitambaa, mpaka vipezi vidogo vya mkiani. Pa jicho tu palibaki peupe. Jicho huchorwa mwisho, kwa brashi.

Ilikuwa zawadi ya baba yake, ya kutundika majlisi, chumba chetu cha wageni. Harub alisimama mlangoni akitazama.

"Hapo watu wanasali," alisema. "Kiumbe mwenye jicho mimi simtundiki. Mwache hivyo hivyo."

"Bila jicho anakuwa maiti, baba."

"Basi na awe maiti."

Nilimkonyeza Loay. Akaisuuza brashi bila kuchora. Moyoni nikashukuru: ikiwa kamsikiliza baba yake kwa hilo, na kazi ya bandarini ataikubali.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, tulikuwa na wageni. Wakala wali na jodari yule yule. Ghaith, binamu yake Harub, akauliza picha ile ukutani kachora nani.

"Huyu mwanangu," Harub alisema, anacheka. "Miaka yote ile Amerika, kaja kunipakia samaki rangi. Na jicho kashindwa kumtia."

Wakacheka wote. Loay alikuwa na birika la kahawa mkononi. Akamimina mpaka mgeni wa mwisho, akakusanya vikombe, akaja navyo jikoni. Nilimwambia kuwa baba yake alikuwa anatania tu.

"Namjua, mama," alisema. Kisha akauliza sanduku lake nimeliweka wapi.

Uwanja wa ndege Harub alimpa mkono, akamuuliza atarudi lini. Loay akasema itategemea likizo. Siku hizi Harub huniuliza mimi kama mtoto kaandika. Simu anayo mfukoni mwake. Namwacha aulize, naendelea na kazi zangu.