Pipa Tulilolipandisha Newala Likiwa Kavu

Haitoki kichwani mwangu, mwanangu, siku niliyoingia Masasi kutoka Lindi, nyuma ya wapagazi wa chumvi, nina malengelenge kwenye nyayo zote mbili na mkeka wangu kichwani. Tangu hapo nimetembea sana. Nimeishi Songea, Tabora na Tanga, na kila mahali nimehama kabla ya kula muhogo nilioupanda mwenyewe. Sasa nimepita arobaini, lakini nikifumba macho naiona ile milima ya mawe ya Masasi, imekaa wazi kama vipara vya wazee barazani.

Baba yangu alikuwa mtu wa sala tano, ila alinipeleka shule ya misheni kwa sababu ndiko kulikokuwa na karakana. "Jifunze useremala," aliniambia. "Nyimbo zao waachie wenyewe." Useremala nilijifunza. Nyimbo nazo nilijifunza, ila zilikuwa za chama.

Umeniambia kwamba huko shuleni kwenu umechaguliwa kiongozi wa chama cha wanafunzi, ndiyo maana nakusimulia haya. Sisi wanafunzi wa ufundi tulikuwa na chama chetu cha ngoma, na kila mtu ndani yake alikuwa na cheo. Tulikuwa na Sultani, Kapteni, Jaji, Daktari na Bwana Bendera. Mimi nilikuwa Naibu wa Bwana Bendera, ingawa bendera yenyewe hatukuwa nayo. Mwanachama wa kawaida hakuwapo hata mmoja.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, na shule ilikuwa imejengwa upya juu ya majivu. Wajerumani walitaka barabara, na barabara ilitaka watu. Waliochukuliwa mwaka uliotangulia, wengine walirudi wakikohoa, wengine hawakurudi. Basi akida wa Newala, aliyewakusanyia watu, akapita karakana, akatukuta tukiimba. Akamgeukia Fundi Petro, mwalimu wetu.

"Vijana wenye pumzi hivi wanafaa kuvunja mawe barabarani."

"Hawa ni mafundi, Akida."

"Mafundi wa nini? Naona viti tu. Watu wangu wanakaa chini tangu enzi za mababu na hakuna aliyeanguka. Niletee Newala kitu chenye faida. Kisiponifaa, hawa ni wangu."

Fundi Petro hakufikiri sana. Newala iko juu ukingoni mwa uwanda, na maji yako chini bondeni. Wanawake huteremka kungali giza na kupanda jua likiwaka. Akatufundisha kutengeneza pipa kubwa la kuwekea maji, la mbao za mvule zilizopindwa na kubanwa kwa pete za chuma. Lilipokwisha akasema, "Sasa litieni kijitoni, likae mpaka mbao zivimbe na kubanana. Pipa kavu ni kuni zilizosimama." Kisha homa ikamlaza.

Kapteni wetu, Issa, akaligonga pipa kwa kiganja. Likalia vizuri ajabu.

"Mnasikia?" akasema. "Mkililowesha litakuwa bubu. Tutaingiaje Newala kimya kimya kama wezi wa kuku?"

Tukapiga kura. Wenye vyeo wote wakakubali, maana yake wote.

Tulilining'iniza kwenye miti, tukalibeba kwa zamu na kulipiga njia nzima, jua kali la kiangazi juu yetu. Njiani askari wakatusimamisha.

"Ninyi nani?"

"Chama," akajibu Issa.

"Mmebeba nini?"

"Ngoma."

"Ngoma ya nini?"

"Ya maji."

Miaka ile, mwanangu, sidhani kulikuwa na maneno matatu yaliyoikosesha serikali usingizi kuliko hayo. Askari mmoja akakoki bunduki. Mwenzake akafungua kifuniko, akaingiza kichwa chote ndani, akapiga chafya mara nyingi, akatuambia tuondoke upesi.

Newala tuliingia kwa kishindo. Akida alikaa kitini, watu wamejaa, na wanawake ndio kwanza wanatoka bondeni na mitungi yao. Mbele yao alikuwa Mama Chilumba, mama wa makamo ambaye hata akida alimsalimia kwa uangalifu. Akida akaamuru waanze kumimina. Mama Chilumba akamimina, wakamimina wenzake. Pipa likatoa maji pande zote kama mbwa aliyetoka mtoni akijikung'uta. Mbuzi wakaja kunywa miguuni petu.

"Shikamoo, Mama," Issa akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Linahitaji kunywa kwanza. Mbao zikishiba, halivuji tena."

"Marahaba. Mgeni gani huyu mliyeniletea? Mgeni wangu mimi nikimpa kata moja anashukuru. Huyu kamaliza mitungi yetu yote, kakojoa papo hapo, na bado ana kiu!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Akida hakucheka. "Kesho barabarani," akasema.

Daktari wetu akaanza kulia waziwazi.

"Subiri, Akida," akasema Mama Chilumba. "Maji yaliyomwagika ni yetu sisi. Hawa wakienda zao, nani atayarudisha? Wateremke bondeni kama tunavyoteremka, wamnyweshe huyu mgeni wao mpaka ashibe. Akishiba, tumepata pipa. Asiposhiba, barabara yako ipo, haijahama."

Akida akawatazama wale wanawake. Hakuna aliyeinamisha macho. Akakubali.

Basi Sultani akateremka na mtungi kichwani. Wasichana walijipanga kandokando ya njia kutulaki kwa vyeo vyetu. "Karibu, Jaji, shingo haijambo?" "Kapteni, umelowa mgongo!" Mimi niliulizwa bendera iko wapi. Tulipanda na kushuka, pipa likanywa na kutema, likanywa tena, mpaka asubuhi moja tulipolijaza tukakaa kulitazama. Tone moja likaning'inia kwenye kiungo. Issa akalifuta kwa kidole. Halikurudi.

Akida alilizunguka pipa akiinama kila upande kutafuta panapovuja. Hakupata. Akatuambia turudi karakana, na kwamba la pili liwe lake.

Miaka baadaye nilimaliza ufundi, nikapata nafasi ya kuendelea na masomo mbali, nikaondoka Masasi moja kwa moja. Nilikwenda kumuaga Fundi Petro, mzigo u begani. "Kabla hujaenda, shika ncha ile," akasema. Nikashika ncha ya ubao, tukaupiga randa mpaka ukalainika, wenzangu wa safari wakiniita njiani. Hakuniangalia usoni. Nikafuta vumbi la mbao mikononi, nikaondoka. Sijarudi.

Kwa hiyo, mwanangu, cheo chako kipokee, kivae, hata kikikupwaya. Lakini fundi wako akisema, msikilize mpaka amalize, hasa pale anapokuagiza jambo lisilo na shangwe. Na utakapopelekea watu msaada, uliza kwanza msaada huo utawanywea maji kiasi gani kabla haujawafaa. Ukikosea, beba mtungi. Wakikucheka, cheka nao, ila usiutue.

Mungu akupe mikono isiyochoka na masikio yasiyo na haraka. Kila utakachokiunga kishike, na kila nyumba utakayoingia wakuombe ubaki.