Mkono Niliounyoosha Kiirua

Acha niwaambie aibu yangu, hata kama bibi yangu hapendi niiseme. Mzee Mutwiri aliniletea gari lake la zamani kwa gereji yangu hapa Kiirua. Lilikuwa linavuta kushoto, na kesho yake ndilo lingempeleka binti yake harusini Embu.

Nikatoa ile mikono miwili ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele, nikailaza kwa nyasi. Mmoja umenyooka, mwingine umepinda kama mgongo wangu. Shule niliacha mapema, lakini macho si ninayo? Nikautia uliopinda kwa moto wa makaa. Ukungu wa mlima ulikuwa umeshuka, chuma kikawaka kama jua la asubuhi, na kila nikigonga nilijiona kijana, naendesha gari hilo polepole katikati ya mashamba ya viazi. Niligonga mpaka ikafanana kama mapacha.

Mutwiri, kumbe alikuwa ameenda dukani, akarudi na mkono mpya, bado una grisi.

"Fundi, nilitaka kukusaidia, lakini wameniuzia uliopinda!"

Nikautazama. Kumbe ule uliopinda ndio ulikuwa mzima, na ule ulionyooka ndio ulioharibika.

"Mzee," nikauliza polepole, "huko dukani umeacha mwingine?"