Mikungu Mitatu Nyuma ya Kiti

Niliwaambia ndugu zangu mara mbili. Kwanza kwa simu, halafu tena asubuhi ileile, nikiwa nimesimama kwenye uwanja wa nyasi kule Muleba na shangazi yangu ananitazama usoni: leo ndege haibebi kitu, ni mimi na mwalimu tu. Shangazi akasema sawa. Nikamwamini, nikaenda kukagua njia ya kurukia, nikitafuta mashimo na mawe.

Ilikuwa siku yangu ya mwisho ya mafunzo. Leseni ya ndege ya injini moja nilikuwa nayo tayari. Lakini baba yangu mdogo, ambaye hununua kahawa, alikuwa ameuza ndege yake ya zamani na kununua nyingine iliyotumika, yenye injini mbili. Alisema nikifuzu nitakuwa rubani wake, na mimi sikutaka kitu kingine duniani. Mwalimu wangu, mzee wa Kiislamu kutoka Bilele aliyerusha ndege ujana wake wote, alipanga hivi: tutue Muleba nizoee nyasi, kisha turudi Bukoba, na njiani, juu ya ziwa, atapunguza injini moja bila kuniambia ni ipi. Nikiimudu, anatia sahihi.

Watu hudhani injini mbili ni usalama mara mbili. Si hivyo. Moja ikizimika, ile nyingine inaivuta ndege upande, na kinachoinyoosha ni mguu wako juu ya pedali ya usukani wa mkiani. Ukirundika mzigo nyuma kabisa, mguu huo unapungukiwa nguvu. Haya sikufundishwa darasani. Nadharia nilijisomea mwenyewe chumbani kwangu Kashai, kwa vitabu vilivyochakaa na video za simu. Niliweka matofali mawili chini ya meza nikawa nakanyaga, kushoto, kulia, kushoto, mpaka mwenye nyumba akauliza kama nimenunua cherehani.

Na bado, siku mbili kabla, juu ya Kemondo, mwalimu alipunguza injini ya kushoto nami nikakanyaga kushoto. Mguu usio wenyewe: injini ya kushoto ikizimika, hukanyagwa kulia. Ndege iligeuka kwa nguvu, ziwa likajaa kioo chote cha mbele, na mzee akaninyang'anya usukani. Sikumwambia mtu. Baba mdogo aliponiuliza mafunzo yanaendaje nilijibu, "Vizuri kabisa." Nilidanganya, kwa sababu kukosea hadharani kwangu ni sawa na kuvuliwa nguo.

Nilikagua njia ya kurukia, nikarudi kuikagua ndege. Nikaizunguka mara moja, mara mbili. Mara ya tatu nikaona mguu wa gurudumu la mbele umerefuka kuliko tulipotua. Pua ilikuwa juu. Nikafungua mlango wa nyuma, nikafunua kitenge kilichotandazwa nyuma ya kiti, nikakuta mikungu mitatu ya ndizi, mibichi, mikubwa, haijafungwa hata kwa kamba.

"Nani ameweka hizi?"

Baba mdogo, ambaye alikuwa ametangulia kwa gari kuja kuwaonyesha ndugu ndege yake, akacheka. "Ile ya zamani ilikuwa na injini moja na ilibeba ndizi. Hii yenye mbili ishindwe?"

"Nilisema hakuna mzigo."

"Ulisema mzigo. Hii ni zawadi."

Ndugu wote wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Rubani anaogopa matoke!"

Nilivuta mkungu wa kwanza nikautupa chini. Ndizi zikanyofoka, utomvu ukaniganda shati jeupe nililopiga pasi kwa ajili ya siku hiyo. Wa pili. Wa tatu. Kisha nikamgeukia shangazi, mjane aliyekata mikungu bora ya shamba lake ili mgeni asiondoke mikono mitupu, nikamwambia mbele ya watu wote, "Mnataka kutuzika na ndizi zenu?"

Akanipa mgongo. Alimwambia mwalimu, kwa heshima ya Kihaya, "Waitu mgeni wetu, utusamehe. Huyu hatukumlea hivi."

Mzee akaweka mkono kifuani. "Mama, zawadi nimeipokea. Niwekee, Jumamosi nitakuja kuichukua kwa gari, na chai nitakunywa."

Shangazi akatabasamu. Maneno machache tu! Mimi niliyekariri kitabu kizima cha ile ndege sikuwa nayo, na nilimchukia mzee wa watu kwa kuwa nayo.

Tulipopanda, aliniambia huku akifunga mkanda, "Kuzishusha umefanya sawa. Hayo mengine utayamaliza mwenyewe." Juu ya ziwa akapunguza injini ya kushoto. Nikakanyaga kulia. Ndege ikanyooka, ikapanda kwa shida, taratibu mno, nami nikaisoma ile mishale ya vipimo nikijua mikungu ile ingetupeleka wapi. Tulipotua Bukoba akatia sahihi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Muleba kuomba radhi. Shangazi alinipokea, akanilisha, akasema yameisha. Baba mdogo naye alikuwepo.

"Sasa ndizi utabeba?"

"Nitabeba, baba. Nikizipima, zikakaa mbele na kufungwa."

"Wewe ndiye utakayenipangia mzigo wa mkiani mwa ndege yangu?"

"Ndiyo."

"Basi nitatafuta rubani anayejua kuishi na watu."

Amempata. Ni kijana mcheshi, kila mtu anampenda, na nasikia hupakia chochote anachopewa. Sitasema sina wivu. Ninao mpaka kooni. Na kuna asubuhi najiuliza kama ningenyamaza siku ile, mikungu mitatu tu, labda tungefika salama, na leo ndege ingekuwa yangu. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko kicheko chao chote: kwamba ninajiuliza.

Jana niliupiga picha ule ukurasa wa kitabu unaoeleza mzigo wa nyuma, nikapigia mstari maneno muhimu, nikamtumia yule kijana kwa simu. Nikaongeza: "Kaka, tafadhali isome kabla hujaruka." Ameifungua. Alama mbili za buluu nimeziona. Hajanijibu, na leo asubuhi yeye na baba mdogo wameruka kwenda Muleba.