Fahali wa Mjomba Kwenye Orodha

Kamati ya wenye mafahali kule Malinya iliponiita, nilikwenda na kichwa kikubwa. Walitaka niwaundie kitu cha kwenye simu, cha kuwapangia mafahali wapinzani wa kupigana nao uwanjani. Kila mwenye fahali aandike mwenyewe jina la mnyama wake, umri, na mapambano aliyoshinda. Kamati ikigusa kisanduku, orodha ishuke. Ukiandika herufi mbili, yabaki majina yenye herufi hizo. Ukitaka, wapangike kwa ushindi, wanyonge na wanyonge, wakali na wakali, kila mmoja apate mpinzani wa saizi yake.

Mjomba, kaka yake mama, alijaza nikiwa kando yake. Nilimsihi aandike ukweli mtupu, naye ni mtu wa kanisa, akaandika. Fahali wake alikuwa wa kati tu, lakini alimpenda kiasi cha mkewe kulalamika.

Siku ya pambano orodha ilimpa mpinzani wa kiwango chake. Akaingia dume mweusi, shingo kama gunia la mahindi, na uwanja mzima ukaanza kumwimba. Nikamtafuta kwenye simu: mchanga, hajashinda sana. Nikatafuta tena, ikawa vilevile. Fahali wa mjomba alitolewa uwanjani jicho moja limeharibika.

Sikuelewa kitu. Orodha ilikuwa imefanya kazi yake bila kasoro. Mwenyekiti alinieleza kwa upole kwamba huku hakuna anayetangaza nguvu za fahali wake kabla ya siku. Humshusha kwa maneno, na kila mtu anajua. Ndiyo maana kamati ilizoea kuzunguka boma hadi boma kumtazama kila mnyama. Nikamuuliza mbona safari hii hawakuzunguka. Akanishangaa: walidhani simu yangu ndiyo ingetazama.

Jioni nilimkuta mjomba akimsafisha fahali jicho kwa maji ya chumvi. Nilitaka anigombeze, ingekuwa nafuu. Badala yake aliomba simu, akaandika herufi mbili, na jina la fahali wake likaja.

"Mpwa," akasema, "nionyeshe mahali wenzangu wanadanganyianga."

Nikamwonyesha. Kwa kidole kimoja, polepole, akafuta ushindi wote wa fahali wake. Orodha ikajipanga upya, sawasawa kabisa, na mnyama wake akateremka hadi chini.